Karani Rehani na Mashine ya Kumenya Kahawa

Wasikilizaji wapendwa, popote redio yako ilipo, pole na kazi. Leo tunamkumbuka Mzee Rehani Mwinjuma, aliyezikwa Ijumaa hapa Mafiga, Morogoro. Enzi za Mjerumani alikuwa mchoraji wa mashine na karani wa mwanasheria wa hataza. Hataza ni hati ya serikali: ukiipata, mwingine haruhusiwi kutengeneza mashine yako bila idhini yako.

Na alikuwa mtu wa shaka, jamani! Binti yake, Bi Mwanaasha, anasema, "Baba ukimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono nje kwanza."

Mwaka 1911 mlowezi mmoja alileta mashine ya kumenya kahawa, akitaka iandikishwe kwa jina lake. Rehani akaanza kuichora. Meno ya mashine yalikaa mshazari. Akauliza, "Bwana, kwa nini mshazari?"

"Inapendeza," mlowezi akajibu.

Inapendeza! Rehani akaweka kalamu chini. Mtu atengeneze mashine, asijue kazi ya meno yake? Akaulizia kwa mafundi mjini, wakamwelekeza Uluguru, kijiji cha misheni, kwa mhunzi Agustino. Akapanda na kipimo na daftari. Hapo ndipo alipokosea. Kipimo na daftari, kule mlimani, siku zile? Wanakijiji wakajua huyu mtu wa kodi. Agustino akaifukia mashine yake kwenye maganda ya kahawa.

"Mashine gani? Hapa hatuna mashine."

Rehani naye akamshuku: kama si mwizi, anaficha nini? Wakatazamana hivyo mpaka jua la utosi. Mwishowe Rehani akafunguka. "Mlowezi anataka hati. Akiipata, wewe hutengenezi nyingine tena. Lakini sheria inasema kilichokwisha kutumika mbele za watu hakipewi hati. Ukiificha, unamsaidia yeye."

 Mke wa Agustino, Paskalia, ndiye aliyefukua yale maganda. Akaita majirani waje na kahawa zao.

"Meno ni mshazari ili maganda yasikwame," akasema. "Tunaitumia mwaka wa tatu huu. Na huyo mlowezi, mashine yake aliinunua hapa hapa."

Rehani akaandika majina ya mashahidi kumi na saba. Ombi la mlowezi likakataliwa. Rehani akapanda tena mlimani, furaha tele.

"Kwa hiyo si yake?" Agustino akauliza.

"Si yake."

"Basi niandike mimi, karani."

Rehani akashindwa kumtazama usoni. Sheria ile ile ilimfungia mlango Agustino pia. Mashine ilishaonekana na watu, haikuweza kuandikwa kwa jina la yeyote. Agustino aliendelea kuzitengeneza mpaka uzeeni, lakini yeye na Rehani hawakusalimiana tena.

Bi Mwanaasha anasema, "Nilimwuliza, 'Baba, siku ile ulijua?' Akalia. Akasema, 'Nilijua, mwanangu. Niliogopa nikimwambia ataendelea kuificha, na mlowezi atashinda.'"

Bi Mwanaasha na jamaa wote wa Mafiga, poleni sana. Mungu amrehemu mzee wetu. Nasi tuliobaki tujiulize: yule tuliyemsaidia, tulimwambia yote?

Na leo acha mimi niseme lile ambalo Mzee Rehani hakuweza kuliandika. Mashine ile ilitengenezwa na Agustino, mhunzi wa Uluguru. Narudia, wasikilizaji: Agustino.