Hatua Arobaini hadi Mlango wa Kontena

Mgeni rasmi, uliyetoka Nairobi kuja kukata utepe wa kizuizi kipya cha barabarani. Wakuu wa usalama mlioketi kivulini. Wazazi wetu mlioketi juani: assalamu alaykum. Anayewasomea ni Fosia, katibu wa kikundi, lakini maneno ni yetu sote.

KARIBU

Karibu Laga Geel. Choo cha wageni kimejengwa wiki jana kwa sababu yako. Tungefurahi uwe unakuja mara kwa mara.

TULIKOTOKA

Tunauza maziwa ya ngamia kando ya barabara hii ya Garissa na Hagadera tangu enzi za mama zetu. Wavamizi walipochoma basi mwaka juzi, sisi ndio tulioandika barua kuomba askari. Walipofika hawakuwa na pa kulala, tukawapa kontena letu la kuwekea mitungi ya maziwa. Tuliwapa kwa moyo mweupe. Hatupingi mpaka wa nchi kulindwa. Waliokufa ndani ya basi lile walikuwa wetu.

MAFANIKIO

Askari wamejengewa nyumba. Kontena halikurudishwa. Sasa ni mahabusu.

CHANGAMOTO

Chifu alitushauri tuiruke sehemu hii. Tumeirefusha.

Mwenzetu Mulki Abdirahim alikuwa akipanga mitungi ya maziwa kando ya barabara asubuhi, vijana sita kutoka Ethiopia wakatokea vichakani. Waliomba kwa mikono, sauti zilikuwa zimekauka. Mulki alijua ni watu waliovuka mpaka bila vibali, si mjinga. Lakini kwetu msafiri haulizwi jina wala atokako kabla hajanywa, na Mulki hakuona kwa nini yeye awe wa kwanza kuivunja desturi hiyo. Akawamiminia. Walikuwa bado wanakunywa gari la doria lilipofika.

"Mama, uliwauliza vitambulisho?" afande akasema.

"Bado, afande. Wawili hata kusimama hawawezi. Wacha wakunywe kwanza, badaye tutauliza wote."

Kwa jibu hilo ameandikiwa kosa la kusafirisha watu. Mulki hana hata punda. Wanaowasafirisha kweli hupita hapa kwa magari ya vioo vyeusi, na hupungiwa mkono.

Leo ni siku ya tisa. Katiba inasema afikishwe mahakamani ndani ya saa ishirini na nne. Amefungiwa pamoja na wale sita ndani ya kontena lile, bati lisilo na dirisha, watu saba kwa dumu moja la maji kwa siku. Ikifika saa saba mchana hakuna anayeweza kuegemea ukuta. Mtoto wake Idman, wa miezi mitano, hupelekwa na bibi yake Arbia anyonye mlangoni. Mwenye ufunguo akiwa mjini, Arbia hurudi naye akilia. Mulki husikia kilio kile kikienda mbali, matiti yamemjaa hadi yanauma, naye hujiziba mdomo kwa shungi, asije mtoto akajua mama yuko karibu. Tumekasirika, mgeni rasmi. Hatuna neno lingine la adabu zaidi.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi saba: kisima, zahanati na mengineyo. Tumeyafuta, tumebakiza moja.

Kontena liko nyuma ya hema hili. Juzi tuliwaona mafundi wakilizunguka, tukadhani wanatoboa dirisha. Walikuwa wanalipaka rangi ya buluu, ulione likipendeza. Ufunguo anao ofisa wa mstari wa pili, huyo anayetazama viatu vyake.

Tunaomba mlango ufunguliwe sasa, kabla ya utepe. Mulki na wale sita wapewe maji, wapelekwe mahakamani Garissa, waseme yao mbele ya hakimu. Arbia amesimama pale na mtoto. Hajanyonya tangu jana.

Kutoka kiti chako hadi mlangoni ni hatua arobaini, tumezipima. Mwenyezi Mungu akupe nguvu ya kuzitembea, na akubariki kwa kila moja.

Ni sisi, Wanawake Wauza Maziwa wa Laga Geel: thelathini tuliosimama mbele yako, na mmoja aliyefungiwa nyuma yako.