Kamba Iliyo Sebuleni Kwangu

Mbukwenyi, wapendwa. Mchungaji kaniomba niseme kwa ufupi na nisimtaje mtu. Simtaji. Atakayeanza kujikuna shingo, hilo ni lake.

Mnanijua. Shule niliishia darasa la nne. Nilichuuza samaki wa bwawa la Mtera kwa baiskeli mpaka nikapanda zabibu, na leo wenye vyeti vyao wananiomba lifti. Sijisifu, nasema kilichopo.

Zabibu zangu zilipoanza kubeba vizuri, nikaanza kusikia mtu anaongea kichwani. Usingizi ukakatika. Akaniambia unga wa nyumbani umetiwa sumu. Nikamwamini, maana alinijua kuliko mke wangu anavyonijua. Nikaumwaga wote nje, watoto wakalala njaa. Ndugu zangu, nawaambia, mikono ilikuwa yangu, lakini aliyemwaga sikuwa mimi.

Kaka yangu wa damu akaja na kamba ya ng'ombe, akanifunga kwenye nguzo ya zizi la mbuzi. "Mdogo wangu karogwa," akawatangazia watu. "Shamba nitalisimamia mimi." Mbuzi wakanilamba jasho miguuni, na mimi namwona anatembea kwenye mizabibu yangu kama kaipanda yeye.

Mke wangu aliikata ile kamba kwa mkasi wa kupogolea, akanipeleka hospitali. Muuguzi mmoja wa kule akaniambia, "Baba, ubongo ni kiungo kama ini. Ini lingeugua, tungekufunga kamba?"

Nikamuuliza, mbona hiyo sauti inanijua hivyo?

"Kwa sababu inatoka humo humo kichwani mwako. Meza dawa, utaona."

Haikunyamaza kwa siku moja, lakini ilinyamaza.

Nikarudi kudai shamba langu. Mavuno yamekaribia, namkuta kaka anafungulia maji.

"Kaka, funga maji," nikamwambia. "Zabibu ikikaribia kuvunwa inaachwa na kiu, ndipo inashika sukari."

Akacheka mbele ya vibarua. "Umemeza dawa leo? Kichaa hana kauli hapa."

Basi. Nikakaa kwenye jiwe, nikamtazama anavyomwagilia.

Mnunuzi alipokuja, zabibu zilikuwa nono kweli. Akakamua moja kwenye kipimo chake cha sukari, akatikisa kichwa. "Haya ni maji matupu, sichukui. Nani kamwagilia wakati huu?"

Vibarua wakamgeukia kaka. Mmoja akaninyooshea kidole. "Yule kichaa alimkataza."

Wapendwa, mavuno yaliyoharibika yalikuwa yangu, na bado nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia hata siku ya harusi. Jioni ile wazee wa ukoo walinirudishia shamba, na kaka akakosa pa kuweka macho.

Namshukuru mke wangu na ule mkasi. Namshukuru yule muuguzi. Dawa nameza mpaka leo, na nameza hadharani, atakaye kucheka acheke.

Mchungaji huniuliza kama nimesamehe. Mchungaji, dozi hiyo sijaianza. Ile kamba nimeipigilia ukutani sebuleni, vipande vyote viwili. Kaka akija Krismasi namsalimia shikamoo, namchinjia kuku, kisha namkaribisha kiti kinachoitazama.

Kama una mgonjwa wa akili nyumbani, mpeleke hospitali. Kamba uliyomfungia niletee mimi. Ukuta wangu ni mrefu, na misumari ninayo.