Kimya cha Mzee Kipkirui Hakikuwa Woga

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Chepngetich, kifungua mimba wa Mzee Alexander Kipkirui arap Tonui, na familia imenituma nisome maisha yake, nami nitayasoma jinsi yalivyokuwa, kwa sababu kuna waliokwisha kuyaandika vibaya.

Baba alizaliwa tarehe 4 Machi 1949 hapa Kiptere, akasoma mpaka darasa la saba, na Desemba 1964 akaingia jandoni pamoja na mheshimiwa aliyekuja baadaye kuiongoza nchi, ambaye ameketi nasi hapa mbele. Tangu siku hiyo wakawa botum, ndugu wa jando moja, na sote tunajua kwamba botum humkosoa mwenzake ndani ya nyumba, hamtoi nje kwa watu.

Aliajiriwa mwaka 1971 kuwa karani wa kupima majani chai, akamwoa mama yetu Janeffer tarehe 17 Agosti 1974, wakajaliwa watoto watano. Juni 1988, mheshimiwa akiwa madarakani, barabara za majani chai zikiwa zimeoza na watu wakinung'unika, Baba alivaa koti lake la kanisani akaenda kwake, wakafunga mlango, wakakaa mpaka saa ya kukamua ng'ombe, na wiki mbili baadaye Baba akapoteza kazi. Walichosemezana hakutuambia, hata Mama hakuambiwa.

Mwaka 2019 wanahabari wa ng'ambo walikuja kuulizia habari za mheshimiwa, ambaye sasa alikuwa amestaafu. Baba aliwakaribisha chai, akawaambia, "Huyo ni botum wangu. Maneno yake nitamwambia yeye mwenyewe." Wakampiga picha akiwa ameinama anamfukuza paka miguuni, na dunia nzima ikasoma kwamba mkulima mzee wa Kericho bado anatetemeka akisikia jina la mtawala wake wa zamani. Jirani yetu Ephantus Mbuthia ndiye aliyetuonyesha kwenye simu, dukani kwake Litein. Baba alimwomba amsomee mara mbili, kisha akanigeukia, "Mimi, naogopa?" Iliniuma, na bado inaniuma. Tuliwaandikia barua tatu, tukajibiwa na mashine kwamba maoni yetu ni muhimu.

Alipatwa na kiharusi Novemba 2024, akafariki tarehe 9 Mei 2025 katika hospitali ya Kapkatet, neno lile likiwa bado halijarekebishwa. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani, wenzake wa kituo cha kununua majani chai, na Mbuthia, aliyetuchapia barua zote tatu bila kuchoka.

Mheshimiwa, wanahabari haohao wako pale getini na kamera zao, wanasubiri utoke. Sisi hatujui Baba alikuambia nini siku ile mlipofunga mlango, na yeye ameondoka nayo, kwa hiyo umebaki wewe peke yako unayeweza kuwaambia kama mtu huyu alikuwa mwoga.

Baba, umeutunza mdomo wako vya kutosha. Lala kwa amani, kazi ya kusema si yako tena.