Mzee Hezron na Jua Lililozimika Mchana

Jarida hili linaomba radhi kwa kukaa kimya tangu mwaka 2012. Limelazimika kurudi, kwa kuwa tarehe 30 Juni 2014 Mzee Hezron Mbonile, fundi mkuu wa vipimo katika kituo chetu cha utafiti cha Hasamba, anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi.

Alianza kwa kupima mvua. Aliipima kwa uaminifu hata siku ambazo haikunyesha, na ripoti yake ya kiangazi cha mwaka 1992 ina kurasa kumi na nne za sifuri, zote kwa mwandiko mzuri.

Mwaka 2009 wataalamu wa ng'ambo walimwomba washirikiane kubuni kipimo cha kufungwa kwenye setilaiti. Kingepima mionzi ya jua ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho, hasa ile inayotetemeka kuelekea upande mmoja baada ya kupita hewani. Hezron alitengeneza cha majaribio, akakiweka kando ya vichanja vya kuanikia kahawa, penye jua kali.

Miezi miwili baadaye ikaja barua ya wataalamu hao: kwa mujibu wa kipimo, jua la Hasamba huzimika kila siku saa sita mchana na kuwaka tena saa tisa. Maelezo yasipopatikana, mradi ungehamia nchi nyingine.

Hezron alikifungua mara tatu asione kosa. Siku ya nne alishinda palepale, akamwona Ketrina, msimamizi wa vichanja, akikifunika kwa turubai zito.

"Baba Rozi, kahawa tunaifunika mchana isipasuke," alimwambia. "Sasa hiki kidude chenu mnakiacha kiungue, kimewakosea nini?"

Wenzake walimshauri aandike kwamba kulikuwa na mawingu. Alikataa, akaeleza ukweli wote, Ketrina na turubai wakiwemo. Kisha akagundua kwamba hata gizani kipimo kiliendelea kuhesabu mwanga kidogo usiokuwapo. Akakiongezea kifuniko kinachojifunga chenyewe kwa dakika chache, ili uongo huo upimwe na kuondolewa. Mradi ukabaki. Ketrina anashikilia kwamba kifuniko hicho kinachelewa kujifunga.

Mzee Hezron, ahsante kwa kazi na kwa ukaidi wako. Tunakutakia afya njema na mchana wa kupumzika kivulini.

Kamati itakayoamua kama kipimo kitarushwa angani itakutana Septemba. Uamuzi ukitoka tutakuandikia siku hiyohiyo, hata ukiwa wa kukataa.