Historia ya Marehemu Bi Kokoto, Aliyeusoma Uso wa Jiwe la Angani

Waombolezaji wapenzi, familia inawasomea maisha ya dada yetu, mama yetu na bibi yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Kokoto, na kwa kuwa mwenyewe aliagiza asisomewe kwa sauti ya mtu anayeumwa jino, mtakaocheka msione haya.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Machi 1954, kitinda mimba wa mama mshonaji na baba tarishi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akaanza shule ya msingi Januari 1961, sekondari Januari 1968, na chuo kikuu Julai 1974, alikohitimu shahada ya fizikia tarehe 26 Novemba 1977, siku ambayo baba alivaa viatu vya kuazima vilivyombana hata akapigwa picha ya familia akiwa pekupeku.

Tarehe 3 Julai 1978 aliajiriwa katika kituo cha kuchunguza anga, kazi yake ikiwa kupima mng'ao wa asteroidi, yaani mawe makubwa yanayolizunguka jua, ambayo hata kwa darubini huonekana kama nukta tu, lakini nukta hiyo hung'aa na kufifia, na kwa mabadiliko hayo mwenye subira hulijua umbo la jiwe, na kama uso wake ni laini au una kokoto.

Mwaka 1979 alimwita fundi mwashi apige plasta chumba chake cha kupanga, na jua la jioni lilipoupiga ukuta kwa ubavu, kila kinundu kikatupa kivuli chake, marehemu akagoma kuipokea kazi, naye fundi, badala ya kuomba radhi, akamwambia, “Dada, utazame jua likiwa mgongoni kwako, hutaona kinundu hata kimoja.” Marehemu alicheka hadi akakaa chini, kwani hiyo ndiyo kanuni aliyokuwa akiifuatilia angani, kwamba jua likiwa nyuma ya mtazamaji, uso wenye kokoto huficha vivuli vyake na kung'aa ghafla, wakafunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1980, wakajaliwa binti tarehe 17 Mei 1982 na mwana tarehe 2 Agosti 1985, na baadaye wakainunua nyumba ile ile, pamoja na vinundu vyake.

Mwaka 1991 alitangaza kwamba jiwe moja, lililoaminika kuwa mwamba laini, limejaa kokoto, kwa kuwa liling'aa ghafla lilipojipanga mstari mmoja na dunia na jua, mkuu wake wa kazi akambandika jina la Bi Kokoto kwa dhihaka, na wiki chache baadaye marehemu akagundua kwamba nyota aliyoitumia kulinganishia mng'ao wa jiwe ndiyo iliyokuwa ikififia, si jiwe lililozidi kung'aa, akasimama mbele ya wenzake wale wale, akasema la kuvunda halina ubani, akayafuta matokeo lakini si imani yake, na jioni hiyo akamkataza mumewe kuugusa ukuta mpaka jiwe lijibu.

Mpangilio kama ule ni wa nadra, na uliporudi mwaka 2003 mawingu yalitanda juma zima. Alistaafu tarehe 30 Juni 2014, na maradhi ya moyo yalipomlaza Februari 2024, hofu yake haikuwa kufa, bali kufa bila kujua. Mpangilio ulirudi Septemba 2025, binti yake, mwalimu wa hesabu, akapima pamoja na vijana wa kituo, na tarehe 22 akamwinamia kitandani akasema, “Mama, ni kokoto.” Marehemu akauliza, “Nyota mlizikagua?” na alipohakikishiwa kwamba zote zilitulia, akaomba chai. Mumewe alipouliza kama sasa anaweza kuusawazisha ukuta, alijibiwa neno moja, “Thubutu.”

Aliaga dunia Alhamisi, tarehe 16 Oktoba 2025, asubuhi, akiwa amezungukwa na wanawe na mumewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia akiwafundisha habari za vivuli, majirani waliozima taa za nje kila alipotoa darubini uani, wafanyakazi wenzake, na mkuu wake wa zamani, aliyefika wodini akamwita Bi Kokoto, safari hii kwa heshima.

Bi Kokoto, jiwe limejibu, na ukuta upo kama ulivyouacha. Pumzika kwa amani.