Mwinjilisti Aliyegawa Kanisa Letu

Mwinjilisti Zablon Machuki anastaafu rasmi Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kulitumikia Kanisa la Kisimani, Awendo, kwa miaka thelathini na minne. Kamati imenipa heshima ya kumwandikia wasifu, nikaambiwa uwe wa kuchangamsha. Naomba radhi mapema. Nimejaribu, lakini kila nifikapo kwenye habari ya mabenchi uchangamfu huniponyoka.

Alipokuja kwetu mwaka 1991, akitokea upande wa Kisii kwa baiskeli isiyo na breki, kanisa lilikuwa limefurika. Wakata miwa, mafundi wa kiwandani na wafanyabiashara walibanana, na waliochelewa walisikiliza mahubiri madirishani. Mimi, nikiwa mzee wa kanisa na bado nina nguvu, nilikuwa nimesimamia uchomaji wa matofali ili tupanue jengo. Mwinjilisti mpya aliyatazama matofali yale, akayasifu sana. Muda si muda yakapakiwa kwenye lori la miwa, pamoja na mabenchi yetu mazuri ya mbele, yakaenda Ogwedhi, alikotaka kuanzisha kundi jipya. Ruhusa aliiomba baadaye, kwa unyenyekevu uliofanya iwe vigumu kumkatalia.

Mabenchi hayo aliyapanga kando ya mnada wa mifugo, akijua kwamba mtu aliyesimama na fahali tangu alfajiri hataulizia benchi ni la dhehebu gani. Nilikwenda kuyadai. Nilimkuta dalali mmoja wa Kikuria, jina lake Maroa, ameketi juu ya mojawapo, fimbo magotini.

"Karibu ukae, mzee," akaniambia. "Ni yenu, najua. Lakini ukiyabeba leo tutasimama, na mtu aliyesimama anasikia bei ya ng'ombe tu."

Nilirudi Awendo mikono mitupu. Maroa leo ni mzee wa kanisa la Ogwedhi, ambalo watu wake hawatoshi ndani hata wakibanana.

Baada ya Ogwedhi ikafuata Ndhiwa. Huko alipeleka walimu wetu wa Shule ya Sabato, akiwemo marehemu mke wangu Orpah. Kila nilipolalamika nyumbani, Orpah alinijibu, "Baba Gordon, kanisa si ghala la mahindi. Unaweka ya nini?" Alipofariki, watu wa Ndhiwa nisiowafahamu walijaa uani kwangu wakimwita mama. Walichota maji, wakapika, wakaimba usiku kucha. Kwa muda sikuwa na neno dhidi ya Mwinjilisti Machuki. Kisha akaja kuomba vipaza sauti.

Ni haki niseme kwamba hakuwahi kufanya lolote bila kulieleza, na maelezo yake yalikuwa marefu. Ufalme wa Mungu, alitufundisha, haujawahi kukaa mahali pamoja ukanenepa. Yerusalemu walipojaa, wakatawanywa, na waliotawanywa wakahubiri. Antiokia iliwatoa Paulo na Barnaba, walimu iliowahitaji kuliko wote. Mji baada ya mji, karne baada ya karne, taa ilikabidhiwa mkono mwingine, hadi wageni walipofika kwenye mwambao huu wa ziwa, babu zetu wakasikia habari njema kwa lugha iliyovunjika vunjika wakaielewa hata hivyo. "Kuna mtu huko alibaki na benchi tupu ili wewe ukae," alipenda kusema, huku akinitazama mimi.

Nilisoma kwa wamisionari, kwa hiyo nami najua machache. Nilimuuliza kwa heshima: hayo makanisa mama yaliyozaa mengine yameishia wapi? Mingi ya miji iliyoandikiwa barua na mitume leo ni mawe na mbuzi. Je, Ufalme hukua kwa kumla mzazi? Alifikiri, akasema, "Mzee, hilo ni swali zuri." Kisha akamalizia chai yake. Bado nasubiri jibu.

Mwaka huu, wakati wa kumuaga ulipokaribia, tulikubaliana kumpa suti na ndama wa maziwa. Alishukuru, akasema suti anayo, na ndama atamsumbua mkewe Nyatichi. Akaomba zawadi nyingine. Aliomba kwaya.

Nieleze kwa wageni. Waimbaji wetu na jamaa zao, wakiongozwa na dada Bathsheba, hufanya biashara ya samaki Sori. Hukaa huko siku za kazi na kurudi Awendo kwa ajili ya Sabato. Mwinjilisti alitaka wabaki Sori waanzishe ibada. Ila bila wao Kisimani isingetimiza idadi ya kuitwa kanisa. Tungekuwa kundi dogo chini ya uangalizi wa Ogwedhi, binti tuliyemzaa wenyewe. Nilisema hayo katika mkutano wa washiriki, kwa sauti ambayo naiombea radhi.

"Binti akimtunza mama yake," akauliza Machuki, "aibu iko wapi?"

Kura zililingana. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti, na kura ya kuamua ilikuwa yangu. Kabla sijaipiga, nilimuuliza Bathsheba yeye mwenyewe anataka nini.

"Ukitushika, mzee, tutabaki," alisema. "Tunakupenda. Tutakuimbia vizuri sana, tutakuzika vizuri sana, halafu tufunge mlango kwa kufuli yako."

Watu walicheka, nami nikalazimika kusubiri watulie. Nilinyoosha mkono upande wa Machuki. Naomba ieleweke kwamba niliunyoosha nikiwa nimeudhika, na kwamba kuudhika hakukuniondolea hakika niliyokuwa nayo kwamba ndivyo ilivyopasa.

Kwa hiyo leo, ndugu wageni, mnamuaga mwinjilisti katika kundi la Kisimani, si kanisa. Wenyeji wenu ni Ogwedhi. Chakula wamepika wao, na Mzee Maroa ndiye atakayefunga kwa sala. Amefika asubuhi mapema akaniuliza kama nimekula.

Tunamshukuru Mama Nyatichi, aliyemvumilia nyumbani mtu tuliyeshindwa kumvumilia ofisini. Tunamshukuru Mwinjilisti Machuki kwa makundi yote aliyoyapanda, yakiwemo tuliyopigana yasipandwe. Ameamua kutorudi kwao. Atakaa Awendo na kuabudu nasi kama mshiriki wa kawaida. Basi baada ya miaka yote hiyo ametuongezea watu wawili. Ndugu yetu, Bwana akujalie uzee wenye afya na amani, na tafadhali, pumzika kweli.

Kwenye programu mtaona wimbo wa kwaya baada ya wasifu huu. Niliuandika mimi, kwa mazoea. Kwaya iko Sori, ambako leo wana ubatizo wao wa kwanza. Tutaimba wenyewe, wachache tulivyo. Nitaanzisha mimi, na sauti yangu mnaijua. Mwinjilisti nimempangia sauti ya nne. Tusimame.