Kamba za Bwana Philibert Chassagne, Mshonaji wa Lyon

Leo tumemleta kaburini Bwana Philibert Chassagne, na kwa mara ya kwanza maishani hakutuchelewesha. Alizaliwa hapa Lyon, mtaa wa Saint-Georges, tarehe 3 Machi 1534, mtoto wa pili wa mfuma hariri Girard Chassagne na mkewe Antoinette.

Kusoma alifundishwa na padri wa parokia, ambaye hakukawia kumrudisha nyumbani. Si kwa ujinga, la. Wenzake walikuwa wameshaanza somo, yeye bado yuko chumbani anafungwa kamba. Soksi ndefu za mwanamume, mnajua wenyewe, hushikizwa kwenye kizibao kwa kamba kiunoni. Wenzake walifunga chache wakatoka. Yeye alitaka zote, mbele na nyuma, na kila fundo liwe kama ua. Akibanwa na haja, nyumba nzima hukimbizana kumfungua!

Mwaka 1551 aliingia kwa fundi Humbert Payen kujifunza ushonaji, na mwaka 1560 akafungua duka lake mtaa wa Mercière. Kazi aliijua, hakuna wa kubisha. Vizibao vyake vya tumbo la kujazwa manyoya ya farasi vilimfanya hata aliyekonda aonekane ameshiba. Lakini jamani, yeye mwenyewe alivivaa mpaka kwenye joto la Agosti.

Alimwoa Pernette Vial tarehe 20 Januari 1562. Padri alipowaambia wapige magoti, bibi harusi alipiga peke yake.

"Philibert, piga magoti, watu wanatutazama!"

"Ndiyo maana sipigi. Kizibao kikipasuka je?"

Wakabarikiwa hivyohivyo, mmoja chini, mmoja juu. Walijaliwa binti mmoja, Benoîte.

Kifua kilimwanza Oktoba iliyopita. Mganga alimwambia wazi: avae shati lililolegea, la sivyo pumzi itamwishia. Pernette alimbembeleza, akamfokea, akamfichia vizibao. Wapi!

"Mteja akinikuta na shati, mke wangu, hapo ndipo nitakufa."

Masikio alikuwa nayo, ya pambo.

Juzi, tarehe 19 Januari 1583, akiwa dukani, alishika kifua na kutamka neno ambalo mkewe alilingoja miaka yote ya ndoa: "Nifungue." Pernette akarukia mkasi.

"Usikate! Ni hariri!"

Basi akauweka mkasi chini, akaanza kufungua fundo moja moja kwa kucha. Alipofika la mwisho, mumewe alikuwa ameshakata roho. Tangu hapo, kila anayempa pole anajibiwa hayohayo: "Ningekata tu. Kwa nini nilimsikiliza mtu huyu?"

Ameacha mjane, Pernette. Binti, Benoîte, na mumewe. Na dada, Jaquème, anayesoma maneno haya na hajui amwambie nini wifi yake.

Mungu ampumzishe kwa amani, mbishi wetu. Kamba zote ni nzima.